Fundi Bomoa na Chumba cha Mama Mkwe

Mume wangu amejenga kuta nyingi kuliko fundi yeyote ninayemjua, na hakuna hata mmoja uliosimama. Sisemi hivi kwa chuki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimekilalia hiki tangu ujana wangu.

Mtaani wanamwita Fundi Bomoa. Anafundisha uashi kwenye kituo cha jamii, pale nyuma ya shule ya msingi, ambako watu wazima wanajifunza kazi za mikono bila ada. Wako wanaoshona, wako wanaopika sabuni, wako wanaofuga kuku, na kwa mume wangu wanajenga. Sasa uwanja wa kituo ni mdogo na matofali ni yale yale, kwa hiyo kila kundi linajenga ukuta mmoja tu, tena kwa mchanganyiko wa mazoezi: mchanga mwingi, udongo kidogo, maji, saruji hakuna hata chembe. Siku ya kufunga mafunzo mgeni rasmi anakabidhiwa nyundo. Anagonga tofali la kwanza, wanawake wanapiga vigelegele, na wahitimu wanauangusha ukuta wao wenyewe kwa furaha ambayo sijaiona hata harusini. Halafu matofali yanasuguliwa na kupangwa kwa ajili ya kundi lijalo. Yameshikwa na watu wengi mpaka pembe zake zimekuwa duara.

Lakini umwone sasa akifundisha! Utadhani anajenga ikulu. Ananing'iniza timazi lake, ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, ananyamaza. Darasa zima linanyamaza naye. "Ukuta ni adabu," anawaambia. "Tofali moja likikosa adabu linawaharibia wenzake wote." Kuna kuta zake zilizokuwa nzuri hivi kwamba watu walipita makusudi kuzitazama, na wiki iliyofuata zikawa rundo. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa nilimwuliza kama haimuumi. Akaniambia, "Mke wangu, kinachobaki ni ujuzi." Nami nilikuwa msichana, nikaona nimeolewa na mtu mwenye busara.

Ujuzi huo haukuwahi kufika nyumbani. Ukuta wa jiko letu ulipasuka zamani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakumjua mume wangu. Sisi ufa hatukuziba, na ukuta hatukujenga. Tuliegemeza gogo. Mgeni akilitazama lile gogo, mume wangu anamuwahi kwa kicheko: "Si unajua, mganga hajigangi!" Jamani, hakuna kitu kinachokera kama mwanamume anayejisema kwa methali kabla wewe hujapata nafasi ya kumsema.

Hayo yote niliyavumilia. Ila mambo yakawa mazito macho ya mama yangu yalipozimika.

Mama alikuwa akiishi peke yake, na kwa muda mrefu alituficha. Nyumba yake aliijua kwa mikono, na sisi wa kuja na kuondoka tukadhani anaona. Mpaka siku alipotia mkono kwenye sufuria ya maji yanayochemka akitafuta kijiko. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana gari na nyumba ya vigae, akakata kauli kwamba mama atahamia kwake. Wifi yangu si mtu mbaya, sitaki kusingizia mtu. Tatizo lake ni kwamba ana sebule isiyokaliwa.

"Kule nitaketishwa kwenye kochi niambiwe nisiguse kitu," mama akaniambia kwa simu. "Mimi nataka kwako, mwanangu. Kwako nitasikia masufuria."

Ningemweka wapi? Kwangu kuna chumba kimoja na sebule, na sebule hiyo ikifika jioni inageuka kuwa chumba cha mabinti zangu. Kaka naye akaja mpaka nyumbani, akalitazama lile gogo, akalitazama tena.

"Mkiwa na chumba chake kabla ya mvua, namleta," akasema. "Msipokuwa nacho namchukua, na yasiwe maneno."

"Chumba kimoja, shemeji?" mume wangu akacheka. "Unamwambia nani? Mimi? Acha tu hili kundi nililonalo limalize."

Kundi likamaliza. Likaja jingine, nalo lilikuwa na watu wagumu kuelewa, akawaonea huruma akawaongezea muda. Mawingu yakaanza kukaa upande ule yanakokaa mvua ikikaribia. Nikaona maji yamezidi unga. Asubuhi moja nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda kituoni, nikasimama mstarini pamoja na wanafunzi wapya.

Mume wangu akanitazama kama aliyeona mbuzi msikitini. "Wewe umefuata nini huku?"

"Nimekuja kujifunza, Mwalimu."

"Na chakula cha mchana?"

"Hilo, Mwalimu, kamwulize mkeo."

Darasa likaangua kicheko, na msusi wa mtaa wetu, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, akanigongea kiganja. Kuanzia siku hiyo nikawa namwita Mwalimu kituoni na namwita majina mengine nyumbani.

Sitampunja sifa zake. Mtu huyu anajua kufundisha. Hakupi maneno mengi, anakupa mwiko. Unakosea, anacheka, unarudia, na siku moja unashtuka mkono wako umeshajua. Mimi nilipewa kazi ya kuchanganya, na kuchanganya kwetu kunakwenda na wimbo ambao yeye mwenyewe aliutunga. Anapaza sauti, "Mchanganyiko!" nasi tunaitikia huku mabeleshi yakienda: "Mchanga, mchanga, mchanga, udongo, maji!" Unauimba mpaka unauota. Nilijikuta nasonga ugali kwa wimbo huo, wanangu wakanicheka.

Nilipoona mikono yangu imekubali, nikamwendea Mratibu wa kituo. Huyu ni kijana wa shati la pasi, anayejua kila kitu kinachoweza kupigwa picha. Nikamwambia: ukuta wa mazoezi safari hii tusiujengee uwanjani. Tuujengee nyuma ya nyumba yangu, tena tujenge kuta nne, ziwe chumba cha mama yangu asiyeona. Watu watajifunza vile vile, na mama atapata pa kulala.

Macho yakamng'aa. "Makazi ya wazee! Mafunzo kwa vitendo! Mradi endelevu!" akasema. "Mama, umenipa kichwa cha ripoti."

"Mimi nilitaka chumba," nikamwambia, "lakini na ripoti ichukue, mwanangu."

Kweli bwana, hakuchelewa. Yakaja matofali mapya yenye pembe, ukaja mchanga, ukaja udongo wa kujazia msingi, ikaja mifuko ya saruji. Kwa kuogopa mvua, saruji tukaiweka jikoni kwangu, karibu na lile gogo. Darasa likahamia uani. Kinyozi mmoja wa darasa letu alikuwa akibeba maji, msusi akipanga matofali kwa vidole vyepesi kama anasuka, mimi na beleshi langu, na Mwalimu katikati na timazi lake. "Mchanganyiko!" Mtaa mzima ukaushika wimbo. Mpaka mlevi mmoja anayepita njia ile akawa anaitikia "udongo, maji!" na kuendelea na safari yake.

Kuta zikapanda. Jamani, zilikuwa nzuri! Nilikuwa nikiamka kabla ya wote natoka kuzitazama tu. Mama akawa ananipigia simu, si kusalimia, bali kuuliza. Dirisha liko upande gani? Mlango ukiingia unafungukia wapi? Kitanda kitakaa ukuta upi? Nikimjibu anarudia maneno yangu polepole, naye anakihamia chumba kabla hajafika. Kaka akakubali. Mama angeletwa siku ile ile ya kufunga mafunzo, na mabati yangepigwa siku ya pili yake.

Sasa sikilizeni. Siku moja kabla ya sherehe nilikuwa jikoni namenya vitunguu, nimekalia mfuko wa saruji kama nilivyoukalia kila siku tangu ujenzi uanze. Ni kiti kizuri sana, mfuko wa saruji, ukiutandikia kitambaa. Kuta zilikuwa zimeshafika juu, zinangoja mabati. Nikachukua kitunguu kingine, kisu kikasimama hewani. Hivi nimekalia nini mimi?

Nikainuka. Nikatazama chini, nikatazama pembeni. Mifuko yote ilikuwa pale pale ilipoteremshwa. Hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

Nikatoka mbio na kijiko, nikakikwaruza katikati ya matofali mawili. Mchanga ukamiminika miguuni pangu kama sukari. Nikahamia ukuta wa pili, ukamiminika. Darasa zima, watu wazima wenye akili timamu, tulikuwa tumejenga nyumba ya mtu kwa mchanganyiko wa kubomoa. Tena aliyechanganya ni mimi, kwa mikono yangu hii, nikiimba!

Mume wangu alikuwa ameketi kwenye ndoo, anasafisha mwiko wake.

"Baba, saruji iko wapi?"

Hakuinua uso. "Si unaikalia."

Kumbe alijua! "Umejua tangu lini?"

"Tulipofika usawa wa dirisha."

"Ukanyamaza?"

"Mwanzoni nilisahau, haki ya Mungu nakwambia. Niliita mchanganyiko kama ninavyoita siku zote, mkaimba, tukaenda. Nilipokumbuka…" Akaugeuza mwiko upande wa pili, ingawa ulikuwa umeshatakata. "Nilipokumbuka nikaona afadhali."

"Afadhali nini?"

"Mke wangu, ukuta unaoanguka hauna kasoro. Ukiupinda leo, wiki ijayo ni rundo, nani atakunyooshea kidole? Lakini huu ungebaki. Kila asubuhi ningeamka nao uko pale unanisema. Mimi sijawahi kujenga ukuta nikauacha. Hata mmoja! Watu wananiita mwalimu, nami sijui kama ninachojenga kinaweza kusimama."

"Mama yangu angelala humo ndani!"

"Ningesema."

"Lini? Tukishamfukua?"

Akaanza kulia, mtu mzima yule, mwiko mkononi. Wengine wangemwonea huruma. Mimi sikumwonea. Nilikuwa na hasira ya miaka yote ya lile gogo, nikamwambia kwamba kesho mama yangu ataletwa na gari la kaka, atarudishwa na gari hilo hilo, ataenda kukalishwa kwenye kochi mpaka afe, na kila atakapouliza masufuria yako wapi, jibu litakuwa yeye. Nikaingia ndani nikamalizia vitunguu vyangu, na safari hii machozi yalikuwa na kisingizio.

Kesho yake ikafika. Viti vya kukodi vikapangwa uani, mgeni rasmi akaja na miwani yake nyeusi. Mratibu akasimama mbele ya zile kuta za mchanga akahutubia. Alisema kituo sasa kimeachana na utamaduni wa kubomoa. Alisema hapa pamejengwa kitu cha vizazi na vizazi. Kila alipotaja neno endelevu aliupiga ukuta kwa kiganja, na mimi kila alipoupiga nilifumba macho.

Akaitwa mwalimu aseme machache. Mume wangu akasimama. Kwa kawaida yake ukimpa nafasi ya kusema, mchana unakwisha. Siku hiyo akauliza tu, "Nyundo iko wapi?"

"Mwalimu, leo hatubomoi," Mratibu akamnong'oneza akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Ukuta huu ni wa mchanga," mume wangu akasema kwa sauti, kila mtu akasikia. "Saruji iko jikoni, haijafunguliwa. Wanafunzi wangu hawana kosa, walifanya nilichowafundisha. Nilijua, nikaogopa kusema. Hakilaliwi na mtu chumba hiki."

Akainama, akaichukua nyundo kwenye sanduku lake, akagonga. Tofali likaruka nje kama jino la mtoto.

Sasa wale wenzangu, ambao kubomoa ndiko kuhitimu kwao, walipoliona lile tofali limeanguka hawakuuliza swali. Msusi akapiga kigelegele, kinyozi akaingia kwa mabega, na kabla sijasema lolote darasa zima liko kazini. Mgeni rasmi akadhani ndiyo ratiba, akasimama akapiga makofi. Mratibu uso umemshuka, lakini simu mkononi inaendelea kurekodi.

Katikati ya vumbi hilo nikasikia honi. Kaka akateremka kwanza, akasimama mdomo wazi. Akamteremsha mama kwa mkono, na mama akainua kichwa akasikiliza.

"Mwanangu, ni nini hicho kinachoanguka?"

Ningedanganya nini? "Ni chumba chako, mama."

"Kinajengwa?"

"Kinabomolewa."

"Mama, rudi garini," kaka akasema. Wala hakupaza sauti, na hapo ndipo ilipouma. "Mnaona wenyewe. Twende."

Mume wangu akaja, mweupe kwa vumbi toka utosini mpaka kwenye viatu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Akamwambia yote. Hakuruka kitu, hata ile sehemu ya kuogopa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono akakishika kichwa chake, akakipapasa.

"Umeubomoa mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla sijaingia?"

"Kabla hujaingia."

Mama akajipangusa vumbi viganjani. "Nileteeni kiti," akasema. Kaka akaanza kubisha, mama akamkatiza. "Kwako kuta zimesimama, mwanangu, nashukuru. Lakini humo ndani hakuna anayesema na mtu. Mimi nitangoja hapa."

Kaka akaondoka amenuna, akasema atarudi kabla ya mvua kuona. Mama akalala sebuleni na wajukuu zake, na asubuhi akatoka na kiti chake akaketi uani na fimbo mkononi. Hakuna aliyemwajiri, alijiajiri. Darasa likarudi kujenga upya. Mume wangu akaita, "Mchanganyiko!" nasi bila kufikiri, "Mchanga, mchanga, mchanga, u—" Fimbo ikapiga chini, pu! "Saruji!" Tukaanza upya. Mdomo uliozoea ni mgumu kuliko mkono, siku nzima tukikosea, fimbo inapiga, mpaka hata yule mlevi wa njiani akashika adabu, akawa anaitikia "saruji, maji!" kwa heshima zote.

Mume wangu aliujenga ukuta wa mlango peke yake, polepole kama mwanafunzi mpya. Sikuwahi kumwona hivyo. Alipima, akapima tena, na kwa kupima sana tofali moja likamtokea nje, karibu kabisa na mlango. Alikuja kuliona saruji ikiwa imeshakauka. Akaliona yeye, nikaliona mimi, akaliona na mtoto wa jirani. Akaenda kuchukua nyundo.

"Nani anatafuta nyundo?" mama akauliza. Masikio ya mama yangu usiyafanyie mchezo.

Nikamwambia. Akainuka, akaomba apelekwe, akaupapasa ukuta tangu kwenye kona. Mkono wake ukatembea, ukatembea, ukafika kwenye lile tofali, ukasimama. Hatua moja mbele yake ndio mlango.

"Liache, baba," akamwambia mume wangu. "Hapa ndipo ninapogeukia."

Kaka alikuja mvua ya kwanza ilipokuwa inanyesha. Alikaa ndani ya chumba kile, akasikiliza mabati, akanywa chai, na kuhusu gari hakusema kitu. Mratibu naye alifurahi mwishoni. Kwenye ripoti yake kuna mradi wa kujenga, mradi wa kubomoa na mradi wa kujenga upya, yote mitatu imefanikiwa. Kituoni kuta zinaanguka kama kawaida na watu bado wanamwita Fundi Bomoa. Na lile gogo la jikoni bado lipo, msinichekeshe.

Lakini jioni akirudi kazini haingii moja kwa moja. Mimi namwona kutoka dirisha la jiko, yeye hajui. Anazunguka nyuma, anaweka chini mfuko wake wa zana, anaweka viganja vyote viwili kwenye ukuta wa mama, anasukuma. Anasukuma kweli kweli, mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Nani huyo anasukuma nyumba yangu?" mama anauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama."

"Umesimama?"

"Umesimama."

"Basi njoo ule."